DT175 ya zamani: moshi mweupe, umeme wa volti 6, na safari za Kitulo hadi Matema

BwanaShamba_Njombe

Habari za leo wakuu,

Naomba msaada wa wanaozijua tustroki (injini za mipigo miwili). Pikipiki ni Yamaha DT175, ile yenye shokapu moja ya nyuma inayolala chini ya tangi, breki za ngoma mbele na nyuma, umeme wa volti 6. Ilikuwa ya mradi, ikatoka mnadani ikiwa na namba za DFP (za miradi ya wafadhili), na usajili umeshabadilishwa. Imelala miaka mingi bila kuwashwa.

Hali yake kwa sasa ni hii. Inawaka kwa kiki nyingi, na ikiwaka inatoa moshi mweupe mzito ambao hauishi hata injini ikipata moto. Oili ya giaboksi inapungua ilhali chini hakuna tone. Sailensa (mzunguko wa injini bila kupiga resi) haitulii, mara inapanda yenyewe, mara inazima. Kiki ni nyepesi mno. Tangi lina kutu ndani, na taa ya mbele inamulika kama kibatari.

Nataka sura ibaki ya asili lakini iwe pikipiki ya kazi: Njombe, Makete, Kitulo, na kushuka hadi Matema ziwani. Iwe na umeme wa volti 12, taa ya maana, na nguvu ya kupanda mlima na mzigo. Fundi mmoja anashauri nitoe injini niweke ya bodaboda ya cc 150. Mwingine anasema niondoe pampu ya oili nichanganye kwenye tangi. Nianze wapi, na spea zipi ninunue kwanza?

KrenkiNaKonrodi

Mkuu, usinunue chochote bado. Na tafadhali usiguse jeti za kabureta (vitundu vinavyopima petroli). Dalili zako zinaelekea kwenye sili za krenki (mipira inayoziba ncha za krenki), na sili zikivuja kabureta haiwezi kusetika hata ukiwa nayo mpya kabisa.

Kwenye tustroki, chumba cha krenki ndicho pampu. Mchanganyiko unavutwa chini ya pistoni, unabanwa humo, kisha unasukumwa juu kupitia njia za pembeni. Kwa hiyo chumba hicho lazima kisipitishe hewa. Kina sili mbili. Ya kushoto, nyuma ya sumaku, ikichoka injini inavuta hewa kavu: sailensa inapanda yenyewe, silinda inapata joto kupita kiasi, na mwisho pistoni inakwama. Ya kulia, upande wa klachi, ikichoka injini inavuta oili ya giaboksi na kuichoma. Ndio huo moshi mweupe, na ndio maana oili inapungua bila tone chini. Wewe inaonekana zote mbili zimekufa, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyolala, kwa sababu mpira ule unakauka na kuwa mgumu.

Kabla ya kufungua, pima ili ujue unachokitafuta. Tafuta ile mashine ya kupima presha ya damu ya kupampu kwa mkono, yenye saa ya mshale. Kipimo chake cha 300 ni karibu bar 0.4, na hicho ndicho kiwango sahihi kwa kazi hii. Toa eksozi, ziba mlango wake kwa kipande cha mpira wa tyubu na bati lililofungwa kwa boliti zake. Toa kabureta, ziba mpira wake kwa kizibo na klempu. Kile kimpira chembamba kinacholeta oili kutoka kwenye pampu kibane pia, watu wengi wanakisahau halafu wanatafuta mwanya usiokuwepo. Chukua plagi ya zamani, vunja kauri yake, chomelea kivalvu cha tyubu katikati, na hapo ndipo utaunganisha mpira wa mashine. Pistoni iwe chini kabisa ili silinda na chumba cha krenki vipimwe kwa pamoja.

Pampu hadi 300, halafu tulia. Kwa injini isiyo na tatizo mshale unashuka polepole sana. Ikianguka zaidi ya 50 ndani ya dakika moja kuna mwanya. Paka maji ya sabuni kwenye gasketi ya silinda, kichwa, kiungo cha kesi, mpira wa kabureta, na nyuma ya sumaku. Kwa sili ya kulia huwezi kuona povu kwa nje, kwa hiyo fungua tundu la kujazia oili ya giaboksi na ulifunike kwa utando wa sabuni. Utando ukivimba, sili ya kulia ndiyo. Usizidishe presha, ukifika bar 0.7 unaweza kuisukuma sili nzima itoke mahali pake.

Ukishathibitisha, fungua injini yote. Kwa umri huo na kulala huko, kubadilisha sili peke yake na kuacha beringi zenye kutu ni kurudia kazi. Skrubu za kesi zina vichwa vya Kijapani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai sawasawa, inavitafuna. Tumia impakti ya kugonga kwa nyundo na biti ya JIS (kiwango cha Kijapani), pasha moto kwanza pale palipogoma. Wakati wa kufunga weka boliti za M6 za alen, zitakuokoa siku nyingine. Sumaku itoe kwa pula yake inayofungwa kwenye nyuzi za sumaku yenyewe. Pula ya makucha inaipinda, na ukiigonga inapoteza nguvu.

Krenki ipime kabla ya kununua pistoni. Shika kichwa cha juu cha konrodi (mkono unaounganisha krenki na pistoni) ukitikise kushoto na kulia: mchezo wa 0.8 hadi 1.0 mm ni wa krenki iliyo sawa, ukifika 2.0 mm imekwisha. Mchezo wa juu-chini haupaswi kuwepo kabisa. Ukiusikia hata kidogo, beringi ya chini ya konrodi imekufa. Krenki ikibadilishwa konrodi lazima inyooshwe upya kwenye vituo viwili, na kupinda kwake kusizidi 0.03 mm kwa saa ya kupimia. Fundi akikuambia ananyoosha kwa macho, tafuta mwingine.

Beringi kuu soma namba iliyoandikwa ubavuni na ununue yenye C3 mwishoni (alama ya nafasi kubwa zaidi ndani ya beringi). Ile ya kawaida isiyo na C3 inabana injini ikipata moto. Kesi ipashe hadi kama nyuzi 100, beringi iweke kwenye friza usiku mmoja, na itaingia kwa kusukuma kwa mkono. Ukiona unahitaji nyundo, joto halijatosha. Kati ya nusu mbili za kesi paka gundi ya gasketi isiyoganda, utando mwembamba tu. Silikoni nene inafinyangwa ndani, kisha inakatika na kuziba njia za oili.

KrenkiNaKonrodi

Naendelea na silinda, kwa sababu kiki nyepesi ni dalili ya pistoni, ringi na silinda kuchoka.

Silinda ya asili ni 66 mm kwa mwendo wa pistoni wa 50 mm, ndiyo hizo cc 171. Ndani ina jaketi la chuma, kwa hiyo inachongeka, na oversaizi zinakwenda kwa hatua za 0.25 hadi 1.00. Nunua pistoni KWANZA, ndipo umpelekee fundi wa kuchonga pistoni na silinda pamoja. Pistoni inapimwa kwa maikromita milimita 10 kutoka chini ya sketi yake, kwa mkao unaokatiza mwelekeo wa pini yake. Mwanya kati yake na silinda uwe karibu 0.045 mm. Kwa pistoni isiyo ya kampuni, ambayo mara nyingi inavimba zaidi ikipata joto, achia 0.05.

Halafu kuna hatua ambayo karakana nyingi zilizozoea injini za bodaboda hazifanyi, na ndiyo inayoua silinda mpya. Baada ya kuchonga, kingo za milango ya silinda zinabaki kali kama wembe. Injini ya bodaboda haina milango ukutani, kwa hiyo fundi hana sababu ya kuijua hatua hii. Ringi inapita hapo, inachungulia ndani ya mlango, inanaswa, inavunjika. Kila ukingo wa kila mlango, hasa wa eksozi juu na chini, lazima ulainishwe kwa jiwe dogo hadi kidole kipite bila kukwaruza. Simama hapo hapo akifanya. Kwaruza ukuta wa silinda kwa mawe ya kuhoni upate mistari ya nyuzi 45, kisha osha silinda kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli peke yake haiondoi unga wa jiwe. Papo hapo ipake oili, kwani itaanza kutu kabla hujanywa chai.

Ringi zinaangalia juu kwa upande wenye herufi, na mianya yake inakaa kwenye vile vipini vidogo vya pistoni. Mwanya wa ringi ukiwa ndani ya silinda uwe 0.30 hadi 0.50 mm. Mshale wa pistoni uelekee eksozi. Pini na beringi yake ya juu weka mpya, klipu zake kamwe usirudishe za zamani.

Angalia pia ndimi za ridi nyuma ya kabureta (vibati vyembamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi). Zielekeze kwenye mwanga: zikiacha mwanga mwingi au pembe zimekatika, badilisha. Hapa ndipo modifikesheni moja ya maana ilipo: weka ndimi za faiba badala ya za chuma. Ndimi za faiba zikivunjika haziharibu silinda, za chuma zikivunjika zinaharibu.

MpandaMilima

Naunga mkono yote ya hapo juu. Kuhusu injini ya bodaboda: usifanye, mkuu.

DT175 nzima inatoa kama farasi 16. Injini ya cc 150 ya bodaboda inatoa 11 hadi 12. Utakuwa umefanya kazi ya kuchomelea na kukata ili upunguze nguvu. Vishikizo vya injini havilingani, kwa hiyo fremu itakatwa. Sproketi ya mbele haikai mstari mmoja na ya nyuma, na mnyororo usionyooka kwenye pikipiki yenye swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) ndefu unaruka ukiwa kwenye mashimo. Eksozi haipiti. Na kadi ya usajili inasoma namba ya injini: ukibadilisha, lazima TRA (Mamlaka ya Mapato) waingize namba mpya, vinginevyo kila ukaguzi ni maelezo. Injini ya tustroki ina vipuri vichache kuliko hiyo unayoambiwa uweke. Haina vali, haina kamshafti.

Nguvu ya kupanda mlima na mzigo utaipata kwenye sproketi. Toa jino moja mbele, ambalo ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Utapoteza kiasi cha asilimia 7 ya mwendo wa juu, na gia ya kwanza itapanda kuelekea Matamba bila kuchoma klachi. Mnyororo ni 428, saizi ile ile ya bodaboda, kwa hiyo unapatikana popote. Chukua 428H wenye kuta nene. Badilisha sproketi zote mbili pamoja na mnyororo, usichanganye mpya na ya zamani.

Mambo ya kuepuka: kuinua mlango wa eksozi, kukata kichwa cha silinda, kutoboa boksi la ekilina (chujio la hewa). Ukiinua mlango nguvu inahamia mizunguko ya juu na chini kunabaki hakuna kitu, na mlima unapandwa kwa nguvu ya chini. Boksi la ekilina likitobolewa vumbi la Makete wakati wa kiangazi linaingia moja kwa moja kwenye beringi za krenki, kwa sababu kwenye tustroki kila kinachopita kabureta kinapita hapo. Sponji ya ekilina ioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kausha, lowesha kwa oili na uikamue, na ukingo wake upake grisi ili ukae vizuri kwenye boksi. Kwenye vumbi zito kazi hiyo ni ya kila wiki.

BwanaShamba_Njombe

Nashukuru sana wakuu. Nimepima kwa mashine ya presha kama mlivyoelekeza. Inashuka kutoka 300 hadi sifuri kwa sekunde chache, na utando kwenye tundu la oili unavimba na kupasuka. Nyuma ya sumaku nako kuna povu. Kwa hiyo injini inafunguliwa yote.

Wakati ipo mezani, naomba mwongozo wa umeme na wa fremu. Tangi nalitibu vipi? Na suala la pampu ya oili bado sijalipatia jibu.

Fyuzi_Mbeya

Nijibu umeme.

Toa kifuniko cha sumaku uone kama una platini au CDI (cheche za kielektroniki). Ukiwa na CDI, kuna koili inayolisha cheche peke yake, tofauti na koili ya taa. Hiyo USIIGUSE. Cheche za DT hazihitaji betri, pikipiki inawaka hata betri ikiwa imekufa, na porini hiyo ni faida ambayo hupaswi kuipoteza. Unazitambua kwa mita: koili ya CDI inasoma mamia ya omu kwenda kwenye bodi (chuma cha pikipiki), koili ya taa inasoma chini ya omu moja au karibu na hapo.

Watu wanadhani volti 6 ni koili dhaifu. Koili hiyo isipobebeshwa mzigo, ukipiga resi inapita volti 12 bila shida. Kinachoishusha ni balbu yenyewe, kwani mfumo wa zamani hauna regulata (kidhibiti cha volti) kwenye taa ya mbele. Ndio maana kwenye sailensa taa inafifia, na ukipiga resi balbu zinaungua. Unachohitaji ni regulata ya volti 12 yenye rektifaya ndani (inayogeuza umeme wa AC wa koili kuwa DC wa betri), na ya bei nafuu ni ile ya pini nne ya CG125 inayouzwa kwa kila duka la spea za bodaboda. Waya mweupe unakwenda kwenye waya wa kuchaji kutoka kwenye sumaku, wa njano kwenye waya wa taa, wa kijani bodi, mwekundu kwenye chanya ya betri ukipitia fyuzi ya ampea 10. Rangi za Kichina wakati mwingine zinatofautiana, kwa hiyo soma mchoro wa regulata husika kabla ya kuunganisha. Regulata ifungwe kwenye chuma, mahali penye upepo, kwa sababu inapata moto.

Betri ya volti 12, Ah 5, inatosha, ila pima kiboksi cha asili kwanza. Badilisha balbu ZOTE, pamoja na za dashibodi na ya nyutro, honi, na flasha. Balbu moja ya volti 6 ikisahaulika itaungua mara moja. Ukiweka indiketa za LED, flasha iwe ya LED, la sivyo zitawaka kwa kasi au zisiwake kabisa.

Taa ya mbele ndiyo inayoamua kila kitu. Koili hii haikujengwa kubeba balbu ya wati 55. LED ya wati 12 hadi 18, yenye lenzi inayokata mwanga vizuri, itakupa mwanga unaouona barabara ya Kitulo kwenye ukungu na bado betri itachajiwa. LED ilishwe kutoka kwenye betri. Ukiiunganisha kwenye waya wa njano itapepesa, kwa sababu huo ni umeme wa AC. Jipime hivi: injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000, taa zimewashwa, betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Kwenye sailensa itashuka chini ya 13, hiyo ni kawaida ya koili hii.

Jambo la mwisho kwangu. Ukishapaka rangi fremu, waya za bodi hazitapata chuma. Kwangua rangi pale zinapofungwa, paka grisi, kaza. Nusu ya matatizo ya umeme kwenye pikipiki zilizopakwa upya ni hapo.

SpokuNaRimu

Fremu. Ikivuliwa yote, ioshe na uichunguze kabla ya kufikiria rangi. Nyufa zinapenda shingo ya stelingi, karibu na vikanyagio, na pale swingamu inapofungwa. Ukwaruzo mwembamba wa kutu katikati ya rangi nzima mara nyingi ni ufa. Kazi ya kupuliza mchanga mpe fundi anayejua kufunika: vikombe vya beringi vya stelingi, nyuzi zote, na NAMBA YA CHESISI iliyopigwa shingoni. Namba ikifutika au ikijaa rangi nene isisomeke, pikipiki halali inageuka kesi. Ifunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi tabaka kadhaa, na baada ya rangi ipige tabaka moja jembamba tu juu yake. Hiyo hiyo kwa namba ya injini. Rangi ikiwa tofauti na iliyo kwenye kadi, ipeleke ibadilishwe na kwenye kadi.

Shokapu ya nyuma ina gesi ya naitrojeni ndani kwa presha kubwa. Isifunguliwe kwa spana, isichomelewe, isipashwe moto hata kwa kutoa bushi. Ikiwa imelowa oili kwenye fimbo, imekwisha au inahitaji mtu mwenye vifaa vya kujaza gesi. Bushi za swingamu na za shokapu zikiwa na mchezo nyuma itayumba kwenye kona zenye changarawe, na watu wanalaumu tairi bure. Shika tairi la nyuma ulisukume pembeni: mlio wa kugonga ni bushi.

Shokapu za mbele: sili mpya, oili ya 10W, ujazo ulingane kulia na kushoto hadi mililita. Kabla ya kununua sili, pitisha ukucha kwenye fimbo. Palipo na shimo la kutu ukucha utanasa, na sili mpya itakatwa wiki ya kwanza. Fimbo ikiwa imeliwa kwenye sehemu inayopita sili, ikapigwe kromu upya au ibadilishwe.

Rimu ni 21 mbele na 18 nyuma. Tairi 2.75-21 na 4.10-18 zinakaa bila kugusa kitu. Tairi nene zaidi nyuma inasugua mnyororo. Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo: inayolia wazi imekaza, inayotoa mlio mfu imelegea au inakatika. Magurudumu yasiyumbe zaidi ya 2 mm. Breki za ngoma zinatosha zikitunzwa: bitana mpya ni 4 mm, ikifika 2 mm badilisha, na kiini kinachozifungua kisafishwe na kupakwa grisi kidogo. Kikikauka breki inanata, na ngoma inapata moto ukishuka mlima mrefu.

Tangi: toa koki, ziba, jaza maji ya moto yenye asidi ya sitriki, gramu 100 kwa lita, pamoja na mnyororo wa zamani au kiganja cha nati. Tikisa mara kwa mara, acha usiku mzima, mwaga, osha, kisha pitisha maji yenye magadi soda ili kuua asidi. Kausha haraka kwa hewa ya moto, na papo hapo zungusha ndani petroli yenye oili ya 2T (oili ya tustroki). Ukiliacha linyevu hata saa moja kutu ya njano inarudi. Hesabu nati zote zitoke. Chekecheke ya koki iwe mpya, na weka filta ndogo kwenye mpira wa petroli.

KrenkiNaKonrodi

Sasa pampu, na niseme wazi: mkuu, kwa njia yako ya Kitulo kushuka Matema, pampu ibaki.

Ukichanganya oili kwenye tangi, injini inapata oili kupitia petroli tu. Ukishuka mlima kwa gia, resi imefungwa, petroli haiingii ila tone la sailensa, ilhali krenki inazunguka kwa kasi. Ndipo pistoni inapokauka. Pampu ya Yamaha inaendeshwa na injini na pia inavutwa na waya wa resi, kwa hiyo hata resi ikifungwa inaendelea kusukuma kiasi chake cha chini kwa kila mzunguko. Anayeshauri itolewe anaogopa isije ikafa kimyakimya, na hofu hiyo ni halali, lakini dawa yake ni kuikagua.

Mipira yake yote weka mipya, ya zamani imekakamaa na inavuta hewa kwenye viungo. Tangi la oili litoe ulioshe, tope la oili iliyolala linaziba chujio. Toa hewa kwa kulegeza skrubu ya pampu mpaka oili itoke bila povu, ukiikaza usiisahau washa yake. Kisha, injini ikiwaka sailensa, vuta puli ya pampu kwa kidole hadi mwisho uone oili ikisogea kwenye mpira bila mapovu. Mwanya wa mwendo wa chini wa pampu uwe 0.20 hadi 0.25 mm kwa fila geji (vibati vya kupimia mianya), na waya urekebishwe hadi alama ya puli ilingane na pini yake kama kitabu cha modeli yako kinavyoelekeza. Tangi la kwanza baada ya kujenga injini, weka pia mililita 100 za 2T kwa lita 5 za petroli kama bima. Ukiona moshi wa ziada kwenye tangi hilo, ndiyo sababu.

Giaboksi inachukua takriban mililita 650. Tumia oili yenye alama ya JASO MA (ya pikipiki ambazo klachi inakaa ndani ya oili), ile ya magari yenye vilainishi vya ziada inatelezesha klachi.

Jeti sasa ndiyo inaingia, na tatizo lako ni tofauti ya urefu. Njombe iko karibu mita 2,000, Kitulo karibu 2,600, Matema chini kabisa kando ya Ziwa Nyasa, kama mita 500. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo jeti ya pwani inaifanya injini inywe petroli nyingi na kukohoa. Kanuni inayofanya kazi ni kupunguza asilimia 3 hadi 4 kwa kila mita 1,000. Kama jeti kuu yako ni 150, Njombe ipeleke 140. Hatari ipo upande wa pili: jeti ya Kitulo ukiipeleka Matema, injini inapata petroli pungufu kwenye hewa nzito yenye joto, na huko ndiko pistoni zinakoungua. Seti kwa Njombe, usisete kwa Kitulo. Juu itakuwa nzito kidogo, ivumilie. Ukikaa ziwani siku kadhaa, rudisha jeti ya asili, ni skrubu nne za bakuli na dakika kumi, kwa hiyo jeti hiyo na gasketi ya bakuli zikae kwenye kiboksi cha spana.

Hakiki kwa plagi. NGK B8ES, mwanya 0.6 hadi 0.7. Panda mlima kwa resi kamili gia ya tatu, zima injini ukiwa umeshika klachi, toa plagi. Kauri ya kahawia ni sawa, nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi, nyeupe yenye vipunje vya kung'aa simama hapo hapo, usiendelee hata kilomita moja.

BwanaShamba_Njombe

Imeeleweka mkuu. Swali dogo la kumalizia: kuizoesha injini mpya kunakwendaje, na kwenye kona za mteremko wa Chimala nikishuka na mzigo nifanye nini?

MpandaMilima

Siku ya kwanza washa, iache ipate joto hadi mapezi ya silinda usiweze kuyashika, zima, iache ipoe kabisa. Rudia mara tatu. Ikiwa imepoa kabisa, kaza upya nati za kichwa kwa msalaba, kwa toki renchi. Baada ya hapo kilomita 500 za kwanza usipite nusu ya resi, usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, na usibebe mzigo. Rudia kipimo cha presha mara moja baada ya hizo kilomita, gasketi mpya huwa zinakaa.

Kwenye mteremko tumia gia ya pili au ya tatu pamoja na breki zote mbili kwa vipindi, usiikalie breki ya nyuma peke yake. Kila baada ya nusu dakika hivi bonyeza klachi na upige resi fupi ili silinda ipate petroli na oili mpya. Ukisikia injini inabana ghafla au mlio unabadilika kuwa mkavu, bonyeza klachi papo hapo, kisha uzime. Iache ipoe vizuri, halafu angalia oili ya 2T na mpira wa pampu kabla ya kupiga kiki.